Kulala porini na gari ukitokea Arusha au Moshi: hifadhi, WMA, msitu au Natron?

Watu wakikutana kupanga safari ya kulala porini, mazungumzo huanza na gari. Huyu anataka Prado, yule anasema bila Land Cruiser haendi mtu, wa tatu keshaulizia bei ya hema la juu ya gari. Saa nzima inapita kabla mtu hajauliza wanaenda wapi. Kwangu mimi hapo wameanzia mkiani. Ardhi utakayolala ndiyo inayoamua gari gani linatosha, unamlipa nani, unatakiwa uwe umetoka langoni saa ngapi, na kama unaruhusiwa hata kushuka ukanyoosha miguu. Kwa hiyo naanza na ardhi, magari yatafuata.

Kisheria ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ziliigawa mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Mwenye gari na hema anahusika zaidi na hayo mawili ya mwisho. Kwenye ardhi ya hifadhi utawakuta TANAPA na hifadhi zao za taifa, Ngorongoro yenye mamlaka yake, TAWA na mapori ya akiba, na TFS na misitu. Kwenye ardhi ya vijiji ndiko ziliko jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, ambazo kila mtu anaziita WMA, na ndiko inakopita njia ya kwenda Ziwa Natron.

Neno moja kwa wanaojifunza mambo haya kwa kutazama video za Wamarekani. Kule, kwenye sehemu kubwa ya ardhi inayosimamiwa na idara ya serikali iitwayo BLM, mtu anaweza kuegesha gari nyikani na kulala bure hadi siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28, kisha anatakiwa kuhama. Huku hakuna kitu cha namna hiyo. Kila mti mzuri wa kuegesha chini yake una wenyewe: ama askari wa hifadhi, ama serikali ya kijiji, ama mzee ambaye ng'ombe wake hupumzika hapo mchana. Ukilala bila kuaga, saa mbili usiku utaona tochi zinakuja.

Hifadhi za taifa: Tarangire, Arusha na Mkomazi

Kwa anayeendesha mwenyewe kwa mara ya kwanza, hapa ndipo pa kuanzia. Barabara zinajulikana, kambi za umma zina choo na maji, na ukikwama kuna gari jingine litapita. Malipo yanafanyika kwa namba ya malipo ya serikali au kwa kadi, kwa hiyo usitegemee kutoa noti langoni. Mtanzania analipa kwa shilingi na mgeni wa nje analipa kwa dola, na tofauti ni kubwa mno. Mkiwa na rafiki kutoka Ulaya ndani ya gari, pigeni hesabu yake mkiwa bado nyumbani, msije mkatazamana dirishani huku foleni inapiga honi nyuma.

Gari nalo linalipiwa, kwa kuangalia uzito wake likiwa tupu na nchi lilikosajiliwa. Fungua kadi ya gari uone liko upande gani wa kilo 2,000. RAV4 na Escudo ziko chini ya hapo. Land Cruiser ndefu ya watalii imeshapita. Ndugu wa Nairobi wenye namba za Kenya wafanye hesabu hiyo kabla ya kuvuka Namanga, maana gari la nje hutozwa kwa dola.

Masharti yake ni ya kawaida na hayana mjadala: mwisho kilomita 50 kwa saa, hakuna kuendesha usiku, hakuna kuacha barabara kumfuata chui, hakuna kushuka isipokuwa palipoandikwa unaweza kushuka. Kuni haziokotwi, beba gesi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchi nzima tangu Juni 1, 2019, na langoni wanakagua.

Kati ya hizo tatu, Tarangire ndiyo inayopendwa zaidi, na kwa haki. Iko kilomita kama 120 kutoka Arusha mjini, karibu njia yote ni lami hadi uchepuke Kwa Kuchinja. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1970, ina kilomita za mraba 2,850, na kuanzia Juni hadi Oktoba tembo hujazana mtoni kiasi kwamba utachoka kusema "angalia kule". Kiangazi, RAV4 yenye tairi nzuri inazunguka upande wa kaskazini bila shida. Masika ni habari nyingine. Udongo mweusi wa kuelekea kwenye kinamasi cha Silale ukinyeshewa hauchagui gari. Hata mwenye Land Cruiser huzunguka mbali.

Kero ya Tarangire ambayo matangazo hayaitaji ni mbung'o. Hufuata kitu kikubwa kinachotembea, yaani gari lako, na wanavutwa na rangi nyeusi na buluu iliyokolea. Vile vitambaa vya buluu na vyeusi unavyoviona vimening'inizwa mitini ni mitego yao. Mbung'o anaingia kwenye ufa wa kioo uliosahau kuufunga, anatulia nyuma ya goti, anachoma kupitia jinzi. Ukimpiga kofi anaruka tena kama hakuna kilichotokea, mpaka umsage kwa kidole kwenye dashibodi. Vaa kaki, na kama gari lako ni la buluu iliyokolea, hakikisha kiyoyozi kinafanya kazi kabla ya kutoka Arusha.

Hifadhi ya Arusha ni ya watu wa siku moja na usiku mmoja. Ilianza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto. Barabara ya Usa River kwenda Ngare Nanyuki inapita ndani yake, kwa hiyo twiga na pundamilia wa Serengeti Ndogo utawaona hata kabla hujaanza kuzunguka. Simba hutawakuta. Kwa familia yenye watoto wadogo wanaoamka usiku kutaka choo, hilo ni jambo la kushukuru. Mbega wa msitu wa Ngurdoto na flamingo wa maziwa ya Momella wanatosha kuijaza Jumamosi.

Watu wa Moshi nawaambia mara zote waangalie Mkomazi kwanza. Imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2008, ina zaidi ya kilomita za mraba 3,200, na lango la Zange liko karibu kabisa na Same, lami mpaka hapo. Kuna faru weusi walio kwenye eneo la ulinzi maalumu, na mbwa mwitu waliozalishwa na kurudishwa porini. Wanyama wengine si wengi kama wa Tarangire na wana woga. Twiga anaweza kukuona kabla hujamwona akaondoka zake. Lakini unaweza kuzunguka asubuhi nzima bila kula vumbi la gari lililo mbele yako, na hilo kwenye mzunguko wa kaskazini limekuwa adimu.

Ngorongoro na Serengeti: acha gari lako nyumbani

Najua hii itawaudhi wenye Prado. Lami inakufikisha lango la Loduare, juu ya Karatu, halafu inakuacha. Kutoka hapo ni udongo mwekundu kuzunguka ukingo wa Kreta, kisha mteremko mrefu kuelekea Oldupai na Naabi, lango la Serengeti. Sehemu hiyo ya chini wakati wa kiangazi huwa bati la migongo tupu. Magari hayaendi taratibu hapo, maana ukienda taratibu unatikisika zaidi, na ukienda kasi unapoteza shokapu. Kutoka Loduare hadi Seronera, katikati ya Serengeti, ni karibu kilomita 145. Gari la kampuni limetengenezewa kazi hii na fundi wake yuko simu moja tu. Lako utalilipia mwenyewe wiki nzima baada ya kurudi.

Kuna na hesabu ya pesa. Anayepita Ngorongoro kwenda Serengeti analipa pande zote mbili, hata kama hakusimama popote. Kushuka Kreta kuna ada yake kwa kila gari, juu ya kiingilio. Kwa gari lenye wageni wa nje imekuwa dola 250 kabla ya VAT. Gari linaloshuka lazima liwe 4x4, na ukipanda kutokea Lerai utaelewa kwa nini.

Halafu kuna msongamano. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni 2. Julai 2025 zilisambaa video za Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, magari yamejipanga ukingoni mwa Mto Mara na watu wameshuka kabisa mbele ya nyumbu wanaotaka kuvuka. Mwaka 2027 yanakuja mashindano ya AFCON tukishirikiana na Kenya na Uganda, na uwanja wa watu 30,000 unajengwa hapa hapa Arusha. Mgeni aliyekuja kwa mpira na ana siku mbili za bure hatakwenda msitu wa Chome, atataka Kreta. Sioni namna magari yataachwa yaongezeke bila kuwekewa idadi au zamu, na zamu zikianza, gari binafsi lenye watu wanne na jiko la gesi ndilo litakalosubiri nje. Haya ni makisio yangu, lakini ningeyatumia kupanga.

Ukienda, kwa gari la kampuni au la rafiki, lala Simba A walau usiku mmoja. Kambi iko ukingoni, juu ya mita 2,300, na baridi yake hailingani na kitu chochote unachokijua Moshi mjini. Hema la juu la turubai jembamba halitoshi, beba blanketi la Kimasai hata mawili. Tembo huingia kambini kunywa kwenye tanki la maji, na wapishi wanajua kusogea bila kelele.

Jambo jingine: Ngorongoro ilitengwa mwaka 1959 ikiwa eneo la matumizi mseto, watu na mifugo na wanyama pamoja. Tangu 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia wakazi Msomera, Handeni, na mvutano juu ya hilo haujaisha. Unapopita kando ya boma ukiwa na kamera nje ya dirisha, kumbuka unapita mbele ya nyumba ya mtu ambaye kesho yake haijulikani.

WMA: Enduimet, Randilen, Burunge

Hapa ndipo ningeweka hela yangu, na ndipo naona safari za gari zina maisha marefu zaidi kwa sisi wakazi.

Wazo la WMA lilitokana na Sera ya Wanyamapori ya 1998, likapata nguvu kwenye Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Vijiji kadhaa vinatenga sehemu ya ardhi yao, vinaunda jumuiya, na jumuiya ndiyo inayosimamia kambi, askari na mikataba na wawekezaji. Mapato yanagawanywa kati ya vijiji, jumuiya yenyewe na serikali. Kwa msafiri maana yake ni kwamba anayekukaribisha ofisini ni mtu wa hapo hapo, na kuna uwezekano ng'ombe uliowapita njiani ni wa kaka yake.

Enduimet iko Magharibi mwa Kilimanjaro, chini ya mlima, ikitazamana na Amboseli ya Kenya. Kutoka Moshi unapita Boma Ng'ombe, Sanya Juu na Ngare Nairobi hadi Ol Molog, na lami siku hizi imevuka Sanya Juu. Ndani yake umo ushoroba wa Kitendeni, njia ya tembo kati ya msitu wa Kilimanjaro na nyanda za Amboseli. Tembo dume wenye pembe ndefu wanaopigwa picha Amboseli hawajui mpaka uko wapi, huku ni kwao pia. Randilen iko Monduli, imepakana na Tarangire kwa kaskazini. Burunge iko Babati, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, na inabeba sehemu ya ushoroba wa Kwa Kuchinja.

Ukiilinganisha na hifadhi ya taifa, WMA inakupa uhuru ambao kule haupo. Unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari. Kuzunguka usiku kwa taa kunawezekana ukipanga na ofisi au na kambi ya mwekezaji. Kambi mara nyingi ni yenu peke yenu. Unaweza kukaa jioni na mzee wa boma jirani, mkamwamkia "shikamoo baba", akaitikia marahaba na kuanza kuwaeleza kiangazi kipi tembo walimaliza mahindi yake yote. Kwenye hifadhi mazungumzo hayo huyapati.

Unachokosa nacho ukijue. Wanyama wanakwenda na kurudi na hakuna wa kukuhakikishia kitu. Asubuhi moja ni tembo ishirini, asubuhi ya pili ni mbuzi. Barabara nyingine ni njia za ng'ombe zilizopanuliwa na pikipiki. Maji na choo ni vya kuuliza kabla, na mtandao wa simu huja na kuondoka. Ukikwama hakuna gari litakalopita, kuna pikipiki ya kijana anayekwenda mnadani, naye atasimama. Muhimu kuliko yote, baadhi ya WMA zina vitalu vya uwindaji wa kitalii, ambao msimu wake ni Julai 1 hadi Desemba 31. Piga simu ofisini uulize kitalu kipi kinatumika wiki hiyo na wewe upangiwe upande mwingine. Wataona umekuja umejipanga.

Na acheni kiti. Nimeona kundi limejaza gari hadi kwenye boneti, likafika ofisini na kuambiwa askari wa wanyamapori wa kijiji anapanda nao. Ndipo friji na mabegi yakashushwa mchangani, mtu akakalia kreti ya soda kilomita zote zilizobaki, na askari na bunduki yake amekaa mbele ametulia. Askari huyo anajua wapi tembo wamelala na korongo lipi limebomoka, na bila yeye hamwendi popote. Kama gari lina viti vitano, nyie ni wanne.

Sababu yangu ya kuiweka WMA mbele inahusu miaka kumi ijayo kuliko wikendi hii. Shoroba zinabanwa na mashamba, nyumba na uzio, kila mwaka kidogo kidogo. Ukitoka Makuyuni kuelekea Babati utaviona viwanja vilivyopimwa mahali ambapo zamani pundamilia walikuwa wakivuka barabara. Kijiji kinachopata fedha ya kambi kina sababu ya kuiacha nyasi isimame. Kisichopata, kitalima. Hifadhi kubwa hazihitaji gari lako la tano kwenye foleni. Randilen inalihitaji, na gari la mkazi wa Arusha linaweza kwenda Februari au Novemba wakati wageni wa nje wamepungua.

Natron

Natron ni ya watu wenye gari mbili. Kutoka Mto wa Mbu unakwenda kaskazini kupitia Engaruka hadi Engare Sero, Ol Doinyo Lengai upande wa kushoto ukikutazama muda wote. Mlima huo ulilipuka mara ya mwisho kwa kishindo kikubwa 2007 na 2008, na majivu yake bado yamo kwenye vumbi utakalokula. Njiani kuna vizuizi vya ushuru zaidi ya kimoja. Tunza kila risiti kwenye mfuko wa mlango, utaulizwa tena wakati wa kurudi. Flamingo wa aina ndogo wa Afrika Mashariki karibu wote wanalitegemea ziwa hili kuzaliana.

Kinachozamisha magari huku ni tamaa ya picha. Ukingo wa ziwa unaonekana mkavu na mgumu, una chumvi nyeupe juu, na chini yake ni tope. Gari likivunja lile gamba linakaa juu ya tumbo lake, na hakuna mti wa kufungia winchi kwa umbali wa kuona. Egesha mbali, tembea na mwongozaji wa kijiji. Makorongo kati ya Engaruka na Engare Sero hayavukiki saa chache baada ya mvua ya milimani, hata kama hapo ulipo jua linawaka. Subiri, pika chai. Wanaotaka kuendelea hadi Loliondo wamepata ahueni ya kilomita 49 za lami kati ya Sale na Waso, lakini mwinuko wa kutoka Natron kwenda Sale bado ni mawe.

Msitu

TFS wana sehemu nyingi ambazo watu wa mjini wanazipita kila siku. Ziwa Duluti, Tengeru, ni mahali pa kujaribu hema jipya. Ukigundua umesahau vyuma vyake, nyumbani ni nusu saa. Msitu wa Rau uko Moshi pale pale. Chome, juu ya Same, ni hifadhi ya mazingira asilia yenye kilele cha Shengena, mita 2,463, juu kuliko kingine chochote kwenye milima ya Upare. Barabara yake ni nyembamba na ina kona kali, kwa hiyo gari fupi lina raha kuliko refu. Wanyama wakubwa usitarajie. Ukiunganisha Mkomazi usiku mmoja na Chome usiku mmoja, watu wa Moshi mna safari bora ya wikendi ndefu kwa gharama ndogo, na sijui kwa nini haifanywi na wengi zaidi.

Sasa gari

Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyorefushwa na kufunguliwa paa katika gereji za Arusha, ndiyo mfalme na itaendelea kuwa. Injini yake ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, dizeli bila tabo, haina umeme mwingi wa kuharibika, na kila fundi wa Unga Limited anaifungua akiwa anapiga soga. Lakini ni nzito, inakunywa, na ada yake langoni ni ya juu. Kwa watu wawili au watatu wanaokwenda Tarangire mara mbili kwa mwaka, ni sawa na kuchinja kuku kwa panga la mkonge. Ikodini siku mnayoihitaji.

Escudo naiona ni chaguo linalodharauliwa bure. Ina gia ndogo ya kuvutia kwenye tope, chesi imara, spea ziko kila duka, na iko chini ya kilo 2,000. RAV4 ya miaka ya 2000 hadi 2005 ni nyepesi na inakula mafuta kidogo, ila haina gia ndogo na tumbo lake liko chini. Tarangire ya kiangazi, Mkomazi na Arusha inaziweza, Natron usiipeleke. Prado iko katikati, inastarehesha kwenye lami na ina nguvu porini, mradi usiibebeshe hema la juu, matanki mawili ya maji na friji halafu ushangae springi za nyuma zimelala. Noah? Wako wanaoingia nayo Tarangire mwezi wa nane na kurudi salama. Wapo pia ambao wamevutwa na trekta. Mimi ningeiacha ibebe abiria wa Usa River.

Ya umeme inahitaji maneno zaidi kidogo, kwa kuwa ndiyo watu wanayoniuliza siku hizi. Tangu 2018 zipo Land Cruiser zilizotolewa injini ya dizeli na kuwekewa betri zikifanya kazi ya utalii hapa kaskazini. Ukimkaribia tembo kwa gari lisilo na mngurumo, unasikia masikio yake yanapiga. Kwa kambi iliyo ndani ya hifadhi moja, yenye paneli za sola na gari linalorudi kila jioni mahali pale pale, hesabu inakubali kwa sababu dizeli ya kusafirishwa hadi Serengeti ni ghali. Kwa mtu binafsi anayetoka Moshi kwenda Natron na kurudia Karatu, bado. Hakuna pa kuchaji Engare Sero, na bei ya kubadilisha mfumo bado ni kubwa. Ukitaka kulionja, panda la kampuni.

Kukodi pamoja na dereva, au kuendesha mwenyewe

Kukodi gari lenye hema la juu na kuendesha mwenyewe kumeongezeka Arusha, hasa kwa wageni. Kunakupa muda wako: unaweza kukaa saa mbili kwenye dimbwi moja bila mtu kuangalia saa. Unachopoteza ni macho ya dereva. Dereva wa utalii wa miaka mingi anaona mkia wa chui kwenye mkuyu ukiwa wewe bado unatafuta mkuyu uko wapi, na redio yake inamwambia kilichopo ng'ambo. Kwa Serengeti na Ngorongoro mchukue dereva. Kwa WMA una askari anayefanya kazi hiyo hiyo, kwa hiyo endesha mwenyewe. Mkomazi na Arusha endesha mwenyewe bila wasiwasi. Tarangire ni hiari yako.

Mkataba usomwe kabla ya kulipa. Baadhi ya mikataba imeandikwa kwamba gari halina bima likienda Natron, au likivuka mto wowote, au likitembea baada ya saa 12 jioni. Kuna mwenye gari anayesema "hakuna shida kaka, nenda tu", na karatasi inasema tofauti, fuata karatasi. Uliza spea tairi ni moja au mbili, maana kwa WMA na Natron moja haitoshi. Jaza mafuta Karatu, Mto wa Mbu au Same, kutegemea unakoelekea. Engare Sero mafuta ni ya kwenye madumu, na huwezi kujua yamekaa humo tangu lini. Jeki ijaribiwe mkiwa bado gereji, gari likiwa na mzigo wote, na mbebe kipande cha ubao mnene cha kuweka chini yake, kwa sababu kwenye mchanga na udongo mweusi jeki huzama ardhini kabla tairi halijainuka.